William Miller, mkulima aliyehesabu siku ya hukumu



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipotapika moto, watu wa Goma walibeba watoto na magodoro wakakimbia, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda. Katika safari ile ya usiku, wengi walijiuliza kama mwisho wa dunia umefika. Haishangazi. Mahali ambapo vita na njaa havikauki, ahadi ya kwamba Bwana atarudi kuhukumu mataifa na kufuta machozi ya watu wake ni chakula cha roho, si fundisho la vitabuni tu. Lakini chakula kizuri kinaweza kuharibikia jikoni. Mhubiri akisimama na tarehe mkononi, watu waliochoka na mateso watamsikiliza.

Kwa sababu hiyo napenda tujifunze maisha ya mtu aliyekufa zamani, William Miller wa Marekani. Alikuwa mnyofu, mwenye bidii, mpenda Biblia. Alitangaza wakati wa hukumu, na wakati ule ukapita. Wengi wanamkumbuka kwa kosa lake tu. Mimi nataka tumwangalie hasa asubuhi ile baada ya kosa, maana hapo ndipo mchungaji anapojulikana.

Mtoto wa shambani

Miller alizaliwa tarehe 15 Februari 1782 huko Pittsfield, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 16. Baba yake alikuwa amepigana vita vya uhuru wa Marekani. Mama yake, Paulina, alikuwa binti wa mhubiri wa Kibatisti. William alipokuwa na miaka minne, jamaa ilihamia Low Hampton, katika jimbo la New York, mahali palipokuwa bado na misitu mingi ya kufyeka.

Mama alimfundisha kusoma. Shule ilikuwa ya miezi michache tu wakati wa baridi, na vitabu vilikuwa haba. Usiku, wengine wakiwa wamelala, kijana alikuwa akisoma kwa mwanga wa vipande vya kuni za msonobari, mpaka baba akaogopa kwamba siku moja atachoma nyumba. Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney, katika jimbo la Vermont. Huko alikuta maktaba na marafiki wasomi, akaanza kusoma vitabu vya akina Voltaire, Hume na Paine. Polepole akaiacha imani ya mama yake. Akashika wazo la kwamba Mungu aliumba dunia kisha akaiacha ijiendeshe yenyewe, na kwamba Biblia ni kazi ya wanadamu. Alikuwa hata akiwachekesha rafiki zake kwa kuigiza sauti na mikono ya wahubiri wa ukoo wake mwenyewe, babu yake akiwa mmojawapo. Mama aliposikia habari hiyo aliumia sana, lakini hakuacha kumwombea.

Vita vilivyomgeuza

Mwaka 1812 Marekani iliingia tena vitani na Uingereza. Miller akawa afisa, na akafikia cheo cha kapteni. Tarehe 11 Septemba 1814 alikuwa Plattsburgh, kando ya ziwa Champlain, ambapo jeshi dogo la Wamarekani lilikabili jeshi la Waingereza lililolizidi sana kwa hesabu. Kombora lililipuka hatua moja hivi kutoka mahali aliposimama. Askari wake mmoja akafa, wengine watatu wakaumia. Yeye hakuguswa. Na jioni, kinyume cha matazamio ya wote, Waingereza wakarudi nyuma.

Sisi tuliopitia vita tunajua maswali yanayokuja baada ya siku kama hiyo. Kwa nini yule, na si mimi? Mtu akifa, anakwenda wapi? Ikiwa Mungu yuko mbali na hajali, nani aliyegeuza mambo siku ile? Dini yake ya vitabu haikuwa na jibu. Alirudi Low Hampton mwaka 1815 akiwa na mashaka juu ya mashaka yake ya zamani.

Alianza kwenda kanisani, lakini mchungaji akiwa safarini na mashemasi wakisoma mahubiri, yeye hakufika. Mama alipomuuliza sababu, alijibu kwamba wanasoma vibaya. Basi wakampa yeye kazi ya kusoma. Siku moja ya mwezi wa Septemba 1816, alipokuwa akisoma mbele ya watu, maneno yalimkaba kooni, akashindwa kuendelea, akaketi. Katika siku zile alimwona Kristo kuwa Mwokozi wake mwenyewe. Mtu aliyewadhihaki wahubiri alivunjika moyo wake akiwa amesimama mahali pa mhubiri.

Hesabu ya siku 2300

Rafiki zake wa zamani hawakumwacha. Walimrudishia maswali yale yale aliyokuwa akiwauliza Wakristo. Akaamua kwamba, ikiwa Biblia ni Neno la Mungu, lazima iwe na upatano ndani yake. Akaweka kando vitabu vyote vya wafafanuzi, akabaki na Biblia na itifaki ya Cruden, kitabu kinachoonyesha kila neno linapatikana katika mistari gani. Alianzia Mwanzo, mstari kwa mstari, na hakuendelea mbele mpaka aone kwamba ameelewa. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili.

Ndipo alipofika kwa Danieli. Katika Danieli 8:14 kuna habari ya jioni na asubuhi 2300, ambazo baada yake patakatifu patatakaswa. Miller alifuata kanuni iliyotumiwa na wafafanuzi wengi kabla yake, kwamba katika unabii siku moja ni mwaka mmoja, wakitegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Aliona patakatifu kuwa ni kanisa na dunia, na kutakaswa kuwa ni moto wa siku ya Bwana. Kisha akatafuta mwanzo wa hesabu. Akaupata katika Danieli 9 na Ezra 7, katika amri ya mfalme Artashasta kuhusu Yerusalemu, mwaka 457 kabla ya Kristo. Ukitoa 457 katika 2300, unabaki na 1843. Hesabu hiyo hiyo ya majuma 70, yaani miaka 490, ilimfikisha kwenye mwaka 33, ambao aliuchukua kuwa mwaka wa kusulibiwa kwa Bwana. Kwake hilo lilikuwa thibitisho kubwa.

Basi mwaka 1818 alifikia neno lililomtetemesha: imebaki miaka 25 hivi tu.

Nasi tuliosoma teolojia tusimcheke haraka. Bidii yake inatuaibisha wengi wetu tunaotayarisha mahubiri Jumamosi usiku. Lakini tuone pia mahali alipoteleza. Katika Matayo 24:36 Bwana alisema wazi kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Miller aliujua mstari huo. Jibu lake lilikuwa kwamba siku na saa zimefichwa, lakini mwaka unaweza kujulikana. Hapo alitafuta tundu katika ukuta ambao Bwana mwenyewe aliujenga. Tena alisoma akiwa peke yake. Kuweka kando vitabu vya wengine kulimpa uhuru, lakini kulimnyima ndugu wa kumshika mkono mapema na kumwuliza kama maono yale ya Danieli 8 kweli yanazungumza juu ya kuchomwa kwa dunia.

Miaka 13 ya kunyamaza

Jambo linalonigusa ni kwamba hakukimbilia mimbarani. Alikaa na neno lile miaka 13. Alilipima tena, akajiandikia pingamizi na kuzijibu, akawaambia majirani wachache. Aliogopa kuwapoteza watu ikiwa amekosea, na aliogopa damu yao ikiwa amenyamaza. Ezekieli 33, mlango wa mlinzi na baragumu, haukumpa usingizi.

Jumamosi moja ya Agosti 1831 alimwahidi Mungu kwamba, akialikwa na mtu, atakwenda. Alijisikia salama, maana nani angemwalika mkulima wa miaka 49 kuhubiri? Haikupita nusu saa, mpwa wake akafika kutoka Dresden na ujumbe: kesho mhubiri hayupo, njoo utufundishe juu ya kurudi kwa Bwana. Miller hakumjibu. Alitoka nje kwa hasira, akaenda kwenye miti karibu na nyumba, akashindana na Mungu katika maombi. Kisha akarudi, akala, akafunga safari. Kesho yake alihubiri, na watu wakamwomba abaki juma zima.

Kutoka vijijini mpaka Boston

Mwaka 1833 Wabatisti walimpa kibali cha kuhubiri. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo vimondo vingi sana vilianguka angani usiku mmoja, na wengi Marekani waliona humo ishara ya siku za mwisho. Miller alizunguka vijijini akihubiri mamia ya mara, mara nyingi kwa gharama yake mwenyewe. Waliomsikia walieleza kwamba hakuwa mtu wa kelele. Alifungua Biblia, akaeleza, akawasihi wenye dhambi watubu. Makanisa yaliyomwalika yalipata waongofu wengi, na wachungaji wengi walimpenda kwa ajili hiyo hata kama hawakukubali hesabu zake.

Mwishoni mwa 1839 alikutana na Joshua Himes, mchungaji kijana wa Boston. Himes aliona mara moja kwamba, kama neno hili ni la kweli, haliwezi kubaki vijijini. Mwaka 1840 alianzisha gazeti, Signs of the Times. Vikafuata vitabu vidogo, michoro mikubwa yenye wanyama wa Danieli na hesabu zao, na hema lililochukua maelfu ya watu. Marekani ilikuwa bado inaugua kutokana na anguko la uchumi la 1837, na watu walikuwa na kiu. Wanahistoria hukadiria kwamba walioshika ujumbe wa Miller walifika 50000, labda hata 100000.

Watu walimsukuma ataje wakati kamili. Kwanza alisema tu ni karibu na mwaka 1843. Mwishowe akasema, kwa kufuata mwaka wa Kiyahudi, Bwana atarudi kati ya tarehe 21 Machi 1843 na tarehe 21 Machi 1844. Wakati huo ukapita. Mwezi wa Mei 1844 Miller alikiri waziwazi mbele ya ndugu zake kwamba amekosea, ingawa bado aliamini kwamba siku iko karibu.

Tarehe 22 Oktoba 1844

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Agosti 1844, katika mkutano wa kambi huko Exeter, New Hampshire, mhubiri mwingine, Samuel Snow, alileta hesabu mpya. Kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya kabla na baada ya Kristo, miaka 2300 inaishia 1844. Na kwa kuwa kuhani mkuu alitoka patakatifu Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Bwana atatoka siku hiyo. Mwaka ule, kwa kalenda waliyoifuata, ilikuwa tarehe 22 Oktoba.

Neno hilo lilienea kama moto katika nyasi kavu. Watu walilipa madeni yao, wakarudisha walichoiba, wakaombana msamaha. Wengine walifunga maduka. Wengine waliacha viazi shambani bila kuvuna. Miller hakukubali. Himes hakukubali. Siku kamili ilikuwa jambo ambalo Miller alikuwa amelikataa miaka yote. Lakini majuma mawili hivi kabla ya tarehe yenyewe, alipoona jinsi watu wanavyotubu na kunyenyekea, aliona mkono wa Mungu katika mambo yale, naye akakubali.

Ndugu wachungaji, tusimame kidogo hapa. Miller hakushawishiwa na hoja mpya ya Maandiko. Alishawishiwa na matunda aliyoyaona kwa watu. Mchungaji aliwafuata kondoo wake. Toba ile ilikuwa ya kweli, na mbinguni walifurahi kwa ajili ya kila aliyerudi kwa Mungu. Lakini toba ya kweli haifanyi hesabu ya uongo kuwa ya kweli. Mungu anaweza kuokoa mtu katika mkutano ambao mhubiri wake amekosea, na hilo ni huruma kwa msikilizaji, si muhuri juu ya kila neno la mhubiri. Ni mara ngapi sisi pia tumesema kwamba ujumbe ni wa Mungu kwa sababu tu watu walilia?

Siku ilifika. Ilikuwa Jumanne. Walikusanyika majumbani na makanisani, wakiomba na kuimba. Zile habari za kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa, wanahistoria waliozichunguza hawakuzipatia ushahidi. Ni dhihaka za magazeti. Jua likatua. Saa sita ya usiku ikapita. Wengi walilia mpaka kulipokucha.

Asubuhi iliyofuata

Tarehe 23 Oktoba ng'ombe walihitaji kukamuliwa kama kawaida. Watoto waliuliza maswali. Majirani waliwadhihaki njiani, wakiwauliza kama bado hawajapaa. Hata wengine walishambuliwa katika nyumba zao za ibada. Wako waliorudia maisha yao ya zamani, wako waliopoteza imani kabisa. Himes aliwahimiza ndugu kila mahali wawasaidie wale walioacha kazi na mali na sasa hawakuwa na kitu wakati wa baridi ukikaribia. Hapo alifanya kazi ya mchungaji.

Na Miller? Alikuwa nyumbani kwake Low Hampton, mzee wa miaka 62, mwenye mwili mgonjwa. Hakuficha huzuni yake. Hakusema kwamba Bwana alikuja kwa siri. Hakuwalaumu waliomfuata kwamba imani yao ilikuwa haba. Majuma machache baadaye aliandika kwamba tumaini lake halijapungua, na kwamba tangu sasa wakati anaoungoja ni siku iliyopo, kila siku, mpaka Bwana aje. Mwaka 1845 alichapisha maelezo ya maisha na mafundisho yake, akikubali mbele ya dunia nzima kwamba amekosea kuhusu wakati. Alikataa kuunga mkono mafundisho mapya yaliyobuniwa ili kuokoa tarehe ile.

Gharama ilikuwa kubwa. Kanisa lake la Kibatisti, pale alipovunjika moyo mwaka 1816, lilimtenga mwaka 1845. Wafuasi wake wakagawanyika. Baadhi yao walisema hesabu ilikuwa sahihi ila patakatifu ni pa mbinguni; kati ya hao likatokea Kanisa la Waadventista wa Siku ya Saba, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na ambalo leo lina ndugu wengi hapa kwetu Kongo. Miller hakujiunga na njia hiyo. Mwaka 1848 kikajengwa kikanisa kidogo karibu na nyumba yake. Macho yake yakafifia, mtu aliyeishi kwa kusoma akawa hawezi kusoma tena. Alikufa tarehe 20 Desemba 1849, Himes akiwa karibu naye, bado akimngoja Bwana. Juu ya kaburi lake huko Low Hampton waliandika maneno kutoka Danieli 8, kuhusu wakati ulioamriwa.

Yanayotuhusu sisi

Wapendwa, hukumu ya Mungu ni kweli. Tusiache kuihubiri kwa sababu wengine wameihesabu vibaya. Wanaochoma vijiji na kunajisi mama zetu wanahitaji kusikia kwamba kuna kiti cha enzi ambacho hakihongwi. Na wajane wanahitaji kusikia hivyo hivyo. Kanisa lisilosema habari ya siku ile limewanyima maskini haki yao.

Lakini tukipewa baragumu, hatukupewa saa. Mkristo akija kwako akiuliza kama auze shamba kwa sababu mtu ametaja mwezi fulani, mwambie alime. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya watu walioacha kazi wakisema siku ya Bwana imekwisha kufika, naye akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Anayengoja Bwana kweli, mkono wake uko kwenye jembe.

Na ikiwa wewe mwenyewe, ndugu mtumishi, ulitangaza jambo kwa jina la Bwana na halikutokea, usibadilishe mji, wala usitafute maelezo mapya usiku. Rudi mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, useme umekosea. Kisha uliza nani aliuza nini kwa neno lako, na kanisa limsaidie. Torati ilikuwa kali kwa nabii wa namna hiyo, kama tusomavyo katika Kumbukumbu la Torati 18. Sisi tumepata neema, lakini neema haiondoi deni letu kwa jirani.

William Miller alikosea hesabu, hakukosea tumaini. Alipoteza jina lake, kanisa lake na macho yake, asipoteze Bwana wake. Mungu atupe bidii yake ya kusoma, woga wake wa kunena ovyo, na ujasiri wake wa kukiri. Na Bwana atakapokuja, siku ambayo hakuna aliyeiandika kwenye kalenda, atukute kazini.

Maranatha.